Vidonge vya "vitamini D ya tezi dume": siku 73 za kuvinywa hapa Mtwara

Chupa ninayo hapa mezani ninapoandika. Nyeupe, ya plastiki, kifuniko cha kijani, kimo chake kama kiganja changu. Mbele kuna picha ya mzee wa Kizungu mwenye mvi, yuko juu ya baiskeli anacheka. Nilinunua chupa tatu kama hii mwanzoni mwa Julai, kwenye chumba kimoja cha biashara hapa mjini. Moja ilikuwa shilingi 65,000, na kwa kuwa nilichukua tatu kwa mpigo nikaachiwa zote kwa 180,000. Kila chupa vidonge 60, viwili kwa siku, dozi ya miezi mitatu. Nilikunywa siku 73. Vimebaki 34, nimevihesabu jana.

Jina la bidhaa na la muuzaji nayaacha. Chupa za namna hii ziko nyingi, na ninayoyasema yanamgusa yeyote anayeuziwa vitamini D kama dawa ya tezi dume.

Nina miaka 63. Kwa miaka 27 nimekuwa karani wa mzani kwenye chama cha msingi cha korosho. Nimepima magunia ya watu msimu hadi msimu, na nimegombana na wakulima na wanunuzi kwa ajili ya kilo mbili. Nalisema hili kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi: mtu wa mzani nilikubali kupimwa bila mzani.

Shida yangu ilianza pole pole. Kuamka usiku mara moja, ikawa mbili, ikawa nne. Unasimama chooni, mkojo upo, unausubiri. Ukija unakuja mwembamba, unakatika, unaanza tena, na ukishafunga suruali matone mawili matatu yanafuata. Safari ya Masasi ikawa mateso, nikawa natafuta kiti cha nyuma ya dereva ili nimwombe asimame bila basi zima kusikia. Mke wangu ndiye aliyevunja ukimya. Asubuhi moja akanimiminia chai na kuniambia, "Baba Zuhura, usiku wa leo umetoka mara tano. Nilikuwa macho."

Mzee mwenzangu wa msikitini akanielekeza kwa yule muuzaji. Kijana mpole, koti jeupe, ananiita njomba, kanipa kiti na maji ya kunywa kabla hata sijaeleza shida. Kwa mapokezi simlaumu hata kidogo, na naelewa kwa nini watu wanajaa pale. Alinisikiliza nusu saa nzima. Nilimweleza mambo ambayo sikuwahi kumweleza mtu.

Kisha akaleta kipimo. Ni fimbo ya chuma, nene kidogo kuliko kalamu, ina waya unaoingia kwenye kompyuta. Nikaambiwa niishike kwa mkono wa kulia, nisiongee, nisicheze. Dakika moja hivi. Printa ikaanza kutoa karatasi, kurasa zaidi ya thelathini: ini, figo, moyo, mifupa, macho, nguvu za kiume, madini yote. Mstari wa vitamini D uliandikwa "chini sana". Wa tezi dume "imeanza kuvimba". Akavizungushia vyote viwili kwa kalamu nyekundu, akavuta mshale kutoka kimoja kwenda kingine, akasema hiki ndicho kinacholeta hiki. Kipimo shilingi 10,000.

Watu wa kusini tunaijua kangomba. Mtu anakuja shambani na chombo chake, anakujazia anavyotaka yeye, halafu anakwambia korosho zako ni kiasi fulani. Serikali imeipiga marufuku kwa sababu chombo ni cha mnunuzi na mzani haupo. Ile fimbo ni kangomba ya afya. Kiwango cha vitamini D kinapimwa kwenye damu, inayotolewa kwenye mshipa na kupelekwa maabara. Hakuna chuma unachoshika kikasoma vitamini iliyo ndani ya damu yako. Mpwa wangu anafanya kazi maabara kule Masasi, na nilipomtumia picha ya zile karatasi alinipigia simu papo hapo. "Mjomba, damu yako ilitoka hata tone?" Nikamwambia hapana. "Basi hujapimwa."

Bahati mbaya nilimtumia mwezi wa tisa, si mwezi wa saba.

Sasa lebo. Ubavuni mwa chupa kuna jedwali la maandishi madogo ambalo nililisoma kwa miwani mara moja tu, siku ya kwanza, nikaona namba nyingi nikaridhika. Vitamini D3: mikrogramu 125, yaani uniti 5,000, na pembeni yake asilimia 625. Hiyo asilimia ni ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku, kwa kidonge kimoja. Mimi nilikuwa nakunywa viwili. Hesabu ni rahisi: uniti 10,000 kila siku, zaidi ya mara kumi na mbili ya mahitaji. Kiwango ambacho wataalamu wa lishe wa Marekani wanasema mtu mzima asikivuke kwa siku bila usimamizi wa daktari ni uniti 4,000. Ghalani, gunia likizidi kilo mbili naliteremsha kwenye mzani na kulipima upya. Hapa nilimeza asilimia 1,250 kila asubuhi na uji wangu.

Chini ya vitamini D kulikuwa na zinki, vitamini E uniti 200 kwa kidonge, na unga wa matunda ya mchikichi mfupi unaoota kusini mashariki mwa Marekani, ambao huko wanauita saw palmetto. Hayo mawili ya mwisho nitayarudia.

Maelekezo aliyonipa kwa mdomo yalikuwa matatu. Nisichanganye na dawa za hospitali. Ninywe maji lita moja kabla ya kulala, kusafisha kibofu. Na nikiona nakojoa zaidi nisiogope, ni sumu inatoka. Nilifuata yote matatu. Wiki ya pili niliamka mara sita kwa usiku mmoja, nikafurahi. Nilimwambia mke wangu dawa imeshika.

Wazee wenzangu, hapa naomba mnisikilize vizuri. Vitamini D ikizidi sana mwilini inapandisha kalsiamu kwenye damu, na kalsiamu ikipanda mtu anapata kiu, choo kigumu, kichefuchefu, na anakojoa mara kwa mara. Kukojoa mara kwa mara ndiyo ile ile dalili niliyokwenda kuitibu. Sisemi kwamba mimi ilinifikia huko, vipimo vyangu nitavitaja. Nasema muuzaji alikuwa ameniwekea maelezo ya kunifanya nifurahie kuzidiwa.

Tarehe 11 Septemba tulikuwa na msiba Mikindani. Nilikuwa na mafua tangu juzi yake, nikameza vidonge vya mafua na piritoni kwa siku mbili. Tulizika baada ya adhuhuri. Alasiri nikaenda chooni nyumbani kwa wafiwa, nikasimama. Hakuna kitu. Nikarudi kukaa mkekani, nikaenda tena. Hakuna. Kufika magharibi tumbo la chini lilikuwa gumu kama ngoma, jasho linanitoka, siwezi kukaa wala kusimama. Mpwa wa mke wangu akanipandisha bajaji, na ile barabara ya kutoka Mikindani hadi mjini, ambayo mtu anaifurahia kwa sababu ya bahari upande mmoja na minazi upande mwingine, kila tuta lilinifanya nipige kelele.

Hospitali waliniwekea mpira wa mkojo. Muuguzi, binti mdogo anayeweza kuwa mjukuu wangu, aliniambia, "Babu, vuta pumzi, usinione aibu." Ulitoka mkojo mililita 900. Kibofu cha mtu kwa kawaida kinadai kumwagwa kikifika kama mia nne hivi. Nililia, na sikulia kwa maumivu, maumivu yalikuwa yamekwisha.

Daktari aliuliza kila kitu nilichomeza. Nilimtajia vidonge vya mafua, akatikisa kichwa: piritoni na dawa za kukausha pua zinaweza kumfunga mkojo mwanamume mwenye tezi kubwa, ni jambo linalojulikana. Kwa hiyo sitasema vidonge vya vitamini ndivyo vilivyonifunga. Nitasema vilinikalisha nyumbani siku 73 wakati tezi inaendelea kukaza, na mtu akiwa ameniambia nisiguse dawa za hospitali.

Kipimo cha kidole ambacho wanaume wengi wa huku wanakikimbia nilifanyiwa asubuhi yake. Hakikumaliza dakika. Daktari anavaa glovu, anatia mafuta, anagusa tezi kupitia njia ya haja kubwa, anasikiliza kwa ncha ya kidole kama ni laini au ina uvimbe mgumu. Yangu ilikuwa kubwa, laini, sawa pande zote. Ultrasaundi ikaonyesha ujazo wa mililita 62, wakati ya kijana haizidi 20 na kitu. Daktari akanichorea: kibofu juu, tezi chini yake imeuzunguka mrija wa mkojo. Tezi ikikua inaubana mrija kutoka pande zote, kama mtu anayekamua mpira wa maji kwa ngumi. Ukuaji huo unatokana na umri na homoni za kiume, na si saratani. Akaniambia pia kwamba kipimo cha damu cha PSA, yaani protini inayotengenezwa na tezi dume, hatachukua siku ile, kwa sababu mkojo kuziba na mpira kuingizwa vinapandisha namba hiyo na kututia hofu ya bure. Tukasubiri wiki sita. Ikasoma 4.1. Kwa tezi ya ukubwa wangu hakushtuka, ila anataka kuirudia.

Nikapewa tamsulosini, miligramu 0.4, kidonge kimoja baada ya chakula cha jioni. Inalegeza misuli ya shingo ya kibofu na ya tezi. Siku ya tano mpira ukatolewa nikakojoa mwenyewe. Sifa zake nazitoa pamoja na kasoro: wiki ya kwanza nilikuwa nikiinuka ghafla naona kizunguzungu, ikabidi nikae kwanza kitandani kabla ya kusimama, na chumbani mbegu zimepungua, jambo ambalo daktari alinieleza kabla mbele ya mke wangu. Vidonge 30 nalipa shilingi 24,000. Naamka mara moja, mara chache mbili.

Damu ya vitamini D ilipelekwa Dar es Salaam, nikalipa 70,000, majibu baada ya siku kumi. Nanogramu 71 kwa mililita. Upungufu unahesabiwa chini ya 20. Kalsiamu ilikuwa ndani ya mipaka lakini karibu na ukingo wa juu, figo salama. Daktari akasema acha, na nikaacha.

Sasa suala lenyewe la vitamini D na tezi dume, maana muuzaji hakulitoa hewani. Alinionyesha karatasi iliyotaja utafiti wa Marekani, na utafiti huo upo. Ulitoka mwaka 2014, ulifanyika Chicago kwa wanaume 667 waliokuwa wanakatwa kinyama cha tezi kwa mara ya kwanza ili kupimwa saratani. Wale wenye vitamini D ya chini sana walikutwa zaidi na saratani kali, na kwa wanaume weusi upungufu ulikwenda pamoja na kukutwa na saratani yenyewe. Mpwa wangu alinisomea hayo barazani, neno kwa neno, sikubisha.

Lakini kwenda pamoja ni kitu kimoja na kuleta ni kingine. Ghalani tunaona kila mwaka: gunia lenye udongo mwekundu mwingi mara nyingi lina korosho nyeusi zilizovunda. Ukisafisha udongo, korosho haziwi nyeupe. Mvua ya kuchelewa ndiyo iliyoleta vyote viwili. Njia ya kujua ni kuwapa watu vitamini yenyewe na kusubiri. Wamarekani walifanya hivyo: watu 25,871, wanaume wa miaka 50 kwenda juu na wanawake wa 55 kwenda juu, zaidi ya elfu tano kati yao weusi. Nusu walipewa vitamini D uniti 2,000 kila siku, nusu vidonge vitupu vinavyofanana navyo, kwa miaka mitano na ushei. Majibu yalitangazwa Novemba 2018. Saratani haikupungua kwa waliopewa vitamini, na ya tezi dume haikupungua pia.

Na hizo nyingine za kwenye lebo? Ule mchikichi ulijaribiwa kwa wanaume 369 wenye tezi kubwa, majibu yakatoka 2011: hata dozi ilipopandishwa mara tatu haukuzidi kidonge kitupu. Vitamini E ndiyo iliyonitisha. Wanaume zaidi ya 35,000 walishiriki kwenye jaribio kubwa, na waliopewa uniti 400 kwa siku walipata saratani ya tezi dume zaidi kwa asilimia 17 kuliko waliopewa vidonge vitupu. Mia mbili mara vidonge viwili ni mia nne. Niliipiga hesabu hiyo usiku, nikaamka nikaisoma lebo tena kwa tochi ya simu.

Chicago iko digrii 42 kaskazini ya ikweta. Desemba saa sita mchana kivuli cha mtu kule ni kirefu mara mbili na zaidi ya mwili wake, na jua la namna hiyo halitengenezi vitamini D kwenye ngozi. Mtwara tuko digrii kumi kusini. Hata mwezi wa sita, saa sita mchana, nasimama uani na kivuli changu ni kifupi kuliko mimi. Ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe, ni kweli, lakini jua lenyewe tunalo mwaka mzima. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Wamasai na Wahadzabe wa hapa hapa Tanzania, watu 60 wanaoishi maisha ya nje: wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, ambayo ni kama nanogramu 46, na hawajawahi kuona chupa ya kifuniko cha kijani. Mimi niliyezunguka ghalani na shambani maisha yangu yote niliambiwa na fimbo ya chuma kwamba jua halijaniingia.

Siitukani vitamini D. Inazuia matege kwa watoto na inalinda mifupa. Mama mzee asiyetoka chumbani, mgonjwa wa figo, mtu anayejifunika mwili wote na kushinda ndani, hao wapimwe damu, na wakikutwa na upungufu wapewe kwa kipimo cha daktari. Chakula chake kiko soko la samaki la Feri kila asubuhi. Vibua, jodari na dagaa wenye mafuta wanayo. Pesa niliyotoa ingetununulia vibua vya miezi.

Mwishoni mwa Septemba nilirudi kwa muuzaji na majibu ya maabara mfukoni. Sikumwonyesha kwanza. Nilimwomba anipime tena, nikalipa tena 10,000, nikashika ile fimbo. Karatasi zikatoka. Vitamini D: "chini sana". Hapo nikamtolea karatasi ya Dar es Salaam nikaiweka juu ya yake. Aliisoma kimya, akasema, "Mashine yangu inaangalia nguvu ya vitamini na si wingi wake, njomba," akanishauri niongeze chupa mbili kwa punguzo. Fedha hakurudisha. Risiti aliyokuwa amenipa ni kipande cha daftari kisicho na jina la duka, hivyo sikuwa na pa kuishika kesi.

Kwa ufungashaji naipa chupa hii alama nzuri: ilikuja na lakiri, vidonge havikuvunjika, vinamezeka bila tabu. Kwa tezi dume naipa sifuri, na kwa yale maneno ya "usichanganye na dawa za hospitali" natamani ningekuwa na alama ya chini ya sifuri.

Ukiwa na dalili nilizoeleza, Mtwara mjini ipo hospitali ya Ligula, na ipo hospitali ya kanda kule Mitengo. Sema umekuja kwa tatizo la mkojo, taja umri wako, taja kama baba au kaka aliwahi kuugua saratani ya tezi, beba kila chupa unayomeza. Ukikojoa damu, au mkojo ukigoma, usingoje asubuhi.

Kadi yangu inasema nirudi mwezi wa pili kurudia PSA. Vile vidonge 34 sijavitupa. Daktari ameomba nimpelekee chupa yenyewe, aone lebo.